Lori Ambalo Hatukulinunua

Ninyi vijana mnaoendesha vyama vya akiba na mikopo siku hizi, nawaonea wivu na pia nawahurumia. Nawaonea wivu kwa sababu mnabonyeza simu, na mwanachama wa Nyansiongo na wa Keumbu wanapata habari kwa wakati mmoja kabla chai yenu haijapoa. Nawahurumia kwa sababu mnadhani mkishatuma habari mmezungumza na watu. Mjukuu wangu anafanya kazi katika chama kimoja mjini, na juzi aliniambia kwamba mkutano wao mkuu ulikwenda vizuri sana, kwa kuwa hakuna mtu aliyeuliza swali. Niliweka kikombe chini nikamwambia akae, maana mimi na mkutano usio na swali tunajuana.

Nilikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, huko milimani Kisii, miaka ya sitini ikielekea mwisho na sehemu kubwa ya miaka ya sabini. Mimi ni mtu wa ziwani. Sikuwa na shamba kule, wala shangazi, wala mtu wa kuja kuniuliza hali nikiugua. Hiyo ndiyo sababu nilipewa kazi. Karani aliyenitangulia alikuwa mtu wa ukoo mmoja wa pale pale. Mkopo ukienda kwa ndugu zake, koo nyingine zilinung'unika, na akiunyima ukoo mwingine, manung'uniko yalizidi. Mwenyekiti wetu, Mzee Mokaya, akaiambia kamati itafute mtu anayejua hesabu na asiye na mjomba yeyote kuanzia Keumbu mpaka Nyansiongo. Nikapatikana mimi. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya wanachama akasema kwa fahari kwamba huyu kijana hana mtu hapa. Watu wakapiga makofi, nami nikacheka pamoja nao. Sikujua bado ni kitu gani kilichokuwa kikipigiwa makofi.

Mzee Mokaya alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu alilolivaa jua liwake mvua inyeshe. Kiswahili alikiokota ujanani kwenye mashamba ya majani chai huko Kericho, na alikipenda kama mtu anavyopenda baiskeli aliyoinunua kwa jasho lake. Nyumbani kwake na kijiji kizima watu walisema Ekegusii, na mimi nilielewa salamu tu na majina ya vyakula. Kwa hiyo mtu wa kuzungumza naye nilikuwa na mmoja, naye ni yeye. Alinipa nyumba ndogo katika boma lake. Mkewe, Mama Kwamboka, alinipakulia chakula pamoja na watoto wake. Kila asubuhi mimi na mzee tulitembea pamoja kwenda ofisini Keumbu, tukipita kati ya migomba na mashamba ya pareto, yeye akinifundisha watu.

Alinifundisha mengi, kwa sababu nilianza kazi kwa kuharibu. Mkutano wangu wa kwanza niliuitisha siku ya Jumamosi. Nilipanga viti, nikaweka meza mbele, nikasubiri. Waliokuja ni Wakatoliki wachache na mlevi mmoja ambaye hakuwa mwanachama. Nusu ya wanachama wetu walikuwa Wasabato, na saa ile walikuwa kanisani wakiimba, sauti zao nazisikia kutoka pale nilipokaa. Nilijirekebisha nikauitisha wa pili Jumapili, na nadhani mmeshajua kilichotokea. Mzee Mokaya aliponikuta nimekaa peke yangu kati ya viti alisema kwa upole kwamba Mungu ameumba pia Alhamisi.

Nikaingia kwenye matangazo. Nilikuwa nayaandika kwa mwandiko mzuri na kuyabandika kwenye vituo vya kukusanyia pareto. Gundi ilitoka mbali na ilikuwa ghali, basi nikapika uji mzito wa mahindi nikabandikia. Mbuzi wa Keumbu walijua habari za chama kabla ya wanachama, maana walilamba uji wakamalizia na karatasi. Mzee alicheka mpaka akashika mti. Akanieleza kwamba mtu anayetaka habari iende ampe mama aliyeleta pareto, tena amwambie pale mizani inapopima, kwa sababu hapo kila mtu ametega sikio. Tangu siku hiyo matangazo yangu niliyasema kwenye mizani, kanisani Jumamosi na kanisani Jumapili, na karatasi nikawaachia mbuzi.

Kosa la dirishani ndilo liliniuma zaidi. Tulikuwa na mwanachama aitwaye Kerubo, mjane aliyekausha pareto yake vizuri kuliko mtu yeyote ninayemkumbuka. Alikuja kwenye dirisha la ofisi kuuliza akiba yake, nami kwa sauti ya mwalimu nikamsomea. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa shemeji yake. Kabla ya wiki kwisha shemeji alikuwa na shida ya mabati, shida ya ng'ombe na shida ya karo, zote kwa pamoja. Kerubo alirudi akasimama mbele yangu akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba nimemvua nguo mbele ya watu. Nilitoboa dirisha la pili upande wa nyuma wa ofisi, ambako mtu husimama peke yake na karani husema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo jambo la kwanza la maana nililolifanya kwenye kazi ile. Vijana, simu zenu zina namba za siri, lakini bado nawaona mnauliza watu hali ya mikopo yao mbele ya foleni nzima.

Sasa niwaambie habari ya lori.

Mzee Mokaya alikuwa na mabinti wengi, na wote walikuwa wameolewa na watu wanaojiweza, huku na huku katika eneo la chama. Wakwe zake walikuwa watu wa bidii, kwa hiyo wanachama waliwachagua. Kamati ya usimamizi, ile ambayo kazi yake ni kuwachungulia viongozi na kuwauliza maswali magumu, ilikuwa karibu yote ni wakwe zake. Mwenyekiti wake, Ombati, alikuwa amemwoa binti yake mkubwa. Mimi niliona ni jambo zuri, watu wa familia moja wakifanya kazi kwa amani. Mikutano yao ilikuwa mifupi na mitulivu kama ibada.

Asubuhi moja tukiwa njiani mimi na mzee na Mama Kwamboka, ambaye alikuwa akienda sokoni, tulimwona Ombati akija kutoka mbele. Alipomtambua mama mkwe wake aliiacha njia, akaingia kwenye migomba, akasimama huko kwa kutupa mgongo mpaka tukapita. Mama naye alitazama upande wa pili kana kwamba hakuna mtu. Nilipomuuliza mzee, akaniambia hiyo ndiyo ensoni, ile haya iliyopo kati ya mtu na wakwe zake, na kati ya baba na mwanawe aliyekua. Kuna maneno hayatajwi mbele yao na kuna mahali mtu hakai nao. Alisema mtu asiye na ensoni hata mbwa wake hamheshimu. Kwetu ziwani pia tunaheshimu wakwe, kwa hiyo nilitikisa kichwa nikaona nimeelewa. Sikuwaza kwamba kitu kile kinaweza kutoka njiani kikaja kukaa nasi ndani ya mkutano wa chama.

Mzee akapata wazo la lori. Aliona wanachama wanavyolipia wenye magari kubeba pareto na magunia ya mahindi, akasema chama kinunue lori lake. Pesa zingetoka kwenye akiba, na mpaka lori lijilipe, mikopo ingesimama. Kwangu lilikuwa wazo lenye kichwa na miguu, na kwake lilikuwa zaidi ya wazo. Alilizungumza njiani kila asubuhi. Alijua litapakwa rangi gani. Kamati ya usimamizi iliulizwa, nayo ikasema ndiyo. Mkutano mkuu ukaitishwa Alhamisi, watu wakajaa, mzee akaeleza, kisha akauliza kama wamekubali. Mikono ikapanda yote, wababa, vijana, akina mama. Hapakuwa na swali hata moja. Nikaandika kwamba mkutano umekubali kwa kauli moja, na nilijisikia vizuri kwa sababu hatimaye nilikuwa nimeitisha mkutano uliofana.

Wiki iliyofuata walianza kuja kutoa akiba zao. Wa kwanza alisema ana harusi. Mwingine ng'ombe wake ameanguka mtoni. Mwingine anahama chama kwa sababu ya umbali, na nyumba yake unaiona kutoka dirishani mwangu. Hakuna aliyetaja lori. Walikuja kwenye dirisha langu la nyuma mmoja mmoja kwa adabu kubwa, wakatia sahihi au kidole, wakaenda. Nilianza kuogopa. Chama cha akiba hufa hivyo, kwa watu wanaosema asante, na waliobaki wangekuta hakuna cha kukopa ili watoto waende shule.

Nilimwendea Ombati shambani kwake, upande wa Nyansiongo, ambako alikuwa amepata kipande cha ardhi katika yale mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Nilimkuta akikamua ng'ombe. Nilimuuliza, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa usimamizi, mbona hasimami aseme kile ambacho watu wanakisema kwa miguu yao. Alijibu bila kuacha kukamua.

"Huyo mzee ni baba ya bibi yangu," akasema. "Mimi nisimame mbele ya watu niseme amekosa? Nitarudi kwangu na uso gani? Hata wewe ukiniuliza kama hii lori ni mzuri, nitakuambia ni mzuri."

Nikamwambia basi aniambie mimi faraghani, nami nitapeleka bila jina.

"Wewe unalala kwake," akasema. "Unakula kwake. Nani atakuambia kitu?"

Nilirudi Keumbu kwa miguu, ingawa basi lilinipita na kondakta akaniita. Nilitaka kukasirika na nikakosa wa kumkasirikia. Walikuwa wamenichagua kwa sababu sina mtu, nami nikajitafutia mtu, na kwa kujitafutia nikawa sifai. Kura ile ya mikono nayo sasa niliielewa. Baba ameketi hapa, mwanawe pale, mkwe kule, wote wanaonana, na anayeuliza ni mzee ambaye nusu ya ukumbi ina haya naye. Angeuliza kama jua ni jeusi wangeinua mikono.

Asubuhi tukienda ofisini nilimwambia mzee mambo mawili. La kwanza, kwamba maneno yanasemwa juu ya lori, na ni vizuri kura ipigwe tena, ya siri. Hilo halikumsumbua. Alikuwa na uhakika na watu wake, akasema kama ni kunyamazisha maneno, tupige. La pili lilikuwa zito. Nilimwambia kabla ya kura nataka kuzunguka vituoni nizungumze na wanachama makundi makundi, wababa peke yao, vijana waliooa peke yao, akina mama peke yao, wakwe wasikutane. Na ili waniamini ni lazima nihame kwake.

Alisimama njiani. "Nani amekukosea nyumbani kwangu?"

Nikamwambia hakuna.

"Unahama ili watu wakuambie nini, mwanangu?"

Siku hiyo hiyo Mama Kwamboka alinifungia unga na ndizi kwa kitambaa bila kuniuliza lolote, na nikahamia chumba cha nyuma ya duka moja hapo Keumbu.

Vijana, mkitaka kujua upweke ni nini, mkapange chumba mahali ambapo hamwijui lugha, ukuta uwe wa mbao, na upande wa pili kuwe na familia inayopenda kucheka. Nilielewa neno moja katika kila sentensi, na hilo neno kwa kawaida lilikuwa chumvi au maji. Jumamosi ndiyo iliyonitesa. Duka limefungwa, soko limenyamaza, kila mtu yuko kanisani na watu wake, na kanisa langu mimi lilikuwa mbali. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Asubuhi za kazi nilitoka chumbani na kuingia ofisini, hatua chache tu, na mwendo ule mfupi ulinichosha kuliko ule mrefu wa zamani.

Lakini mikutano ya vituo ilifanya kazi. Kila kundi nililiahidi kwamba nitakayoyasikia hapo hayatatoka hapo, wala kwa jina wala bila jina, mpaka kura ipigwe. Mwanzoni waliuliza vitu vidogo: riba, wadhamini, kwa nini kitabu cha akiba kinaandikwa kwa Kiingereza. Halafu mtu mmoja akakohoa. Nikajifunza kutouliza kama wamekubali, bali kuwauliza mtu wa kundi jingine, asiyekuwapo, angekuwa na wasiwasi gani. Hapo midomo ilifunguka, kwa sababu kila mtu ana jambo la kusema juu ya wasiwasi wa jirani. Wababa waliogopa karo. Kerubo na wenzake walisema lori ni la wanaume, watalipanda wao, na akina mama wataendelea kubeba kichwani. Huko Nyansiongo, vijana waliooa, wengi wao wakwe za mzee, walisema wazi kwamba hawalitaki. Ombati alisema la mwisho. Alisema wanampenda mzee, na ndiyo maana wameona bora watoe pesa zao wakae kimya kuliko kumwaibisha. Wengine waliitikia kwa sauti ndogo, wakitazama chini.

Mnaliona tatizo. Kila kundi lilikuwa dogo. Kama ningesema neno moja kwa mzee, hata bila jina, angejua limetoka wapi. Na wao wangejua ni nani aliyelipeleka.

Kura tuliipanga Alhamisi. Afisa wa ushirika, mtu wa serikali aliyekuja kusimamia kura, alitaka karatasi, nikamwambia wengi wetu hawasomi, akakubali punje huku akikunja uso. Kila mwanachama angepewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe, aingie peke yake kwenye stoo, atie hindi kwenye chungu akilitaka lori, au haragwe kama halitaki, na ile iliyobaki aitupe kwenye chungu cha pili. Chini ya vyungu niliweka kitambaa, kwa sababu haragwe na hindi havilii sawa vikianguka, na nje ya stoo kulikuwa na masikio. Hayo hamtayakuta kwenye kanuni zozote.

Asubuhi ya kura, kabla sijafungua mlango vizuri, nilimwona mzee amesimama nje ya chumba changu na lile koti lake. Hakuwahi kufika pale. Tukasalimiana. Nilimkaribisha, akakataa kuingia, akasema amepita tu. Kisha akaniuliza akiwa anatazama barabarani.

"Umezunguka kwa watu wote. Niambie. Nikiingia mle leo, nitaaibika mbele ya wakwe zangu?"

Neno moja tu lingetosha. Angeingia kwenye mkutano akasema amefikiri upya, lori lisubiri, na watu wangempigia makofi na kwenda nyumbani. Heshima yake ingebaki nzima. Na Ombati angejua, na Kerubo angejua, na wote wangejua kwamba maneno yao yalilala usiku mmoja tu kabla ya kufika kwa mwenyekiti. Nisingesikia tena ukweli kutoka kwa mwanachama yeyote, wala mimi wala karani atakayenifuata. Nilimtazama mzee yule aliyenipa nyumba, aliyenicheka na mbuzi wangu, mtu wa pekee aliyenijua huko milimani.

"Mzee, niliahidi watu," nikasema.

Alinishukuru kwa Kiswahili kizuri, akaenda.

Kura ilichukua karibu siku nzima. Babu mmoja alitoka stoo bado anatafuna, na tukabishana kama alikula ndiyo au hapana. Mama mmoja aliuliza kama baada ya kuhesabu tutapika. Jioni afisa wa ushirika alikimwaga chungu cha kura juu ya meza mbele ya watu wote. Haikuhitaji kuhesabiwa, ingawa tulihesabu. Meza ilikuwa ya maharagwe, na mahindi yaliyokuwamo yalikuwa ya kutafutwa kwa kidole.

Hakuna aliyeshangilia. Wakwe walitazama miguu yao. Mzee Mokaya alisimama, akasema mwenyewe, kwa Ekegusii na kisha kwa Kiswahili, kwamba lori halitanunuliwa na mikopo ya karo itatolewa kama zamani. Aliufunga mkutano kwa sala. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, ili wakwe zake wasilazimike kumpisha.

Waliotoa akiba walirudi, mmoja mmoja, kwa dirisha la nyuma. Yule wa harusi hakuwa na harusi. Uchaguzi wa viongozi ulipofika tulitumia punje zile zile, na mzee akachaguliwa tena kwa kishindo, kwa sababu kweli walimpenda na sasa walikuwa na njia ya kumwambia hapana bila kumvunjia heshima. Wakwe waliondolewa kwenye usimamizi, kwa ombi lake mwenyewe, na sheria ikaandikwa kwamba mtu asiwasimamie watu ambao ana ensoni nao. Sijui kama chama kingine kina sheria kama hiyo. Kama hakina, mkaiandike.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, yeye mwenyekiti na mimi karani, bila ugomvi na bila kosa. Aliniheshimu. Aliuliza yaliyohusu kazi, nikajibu. Lakini hakuja tena mlangoni kwangu, na asubuhi nikimwona anakuja barabarani alipunguza mwendo mpaka niingie ofisini kwanza. Niliamini hajanisamehe, na nililibeba hilo. Wanachama waliniamini kabisa, waliniambia mambo yao yote, siri za nyumba na za mashamba, na hakuna aliyewahi kunikaribisha chakula. Nilioa kwetu, mke wangu akakaa kwetu na watoto, nikawaona mwisho wa mwezi. Kule milimani nilikuwa sikio la watu.

Nilipoacha kazi, mzee alikuwa ameshastaafu uenyekiti. Nilikwenda kumuaga. Alitoa kiti nje, tukakaa tukitazama pareto yake ambayo sasa alikuwa anaing'oa apande majani chai. Mama Kwamboka alileta chai akaniuliza habari za watoto. Alipotuacha, nikaona nisiondoke nalo moyoni. Nilimwambia kwamba siku ile ya kura nilijua lori litakataliwa, na kwamba nimeishi na swali lake miaka yote hii.

"Hata mimi nilijua unajua," akasema. "Uso yako ilikuwa wazi. Nikaenda nikiwa nimejua. Nilienda tu kwa sababu nilikuwa mwenyekiti."

Nikamuuliza basi kama hakukasirika, kwa nini hakutembea nami tena, hata siku moja.

Alikunywa chai yake, akaweka kikombe juu ya nyasi.

"Tungetembea, ningekuuliza tena maneno ya watu," akasema.